Je, ni sera inayovuta kura, au ni mgombea anayevuta sera?

Mpiga kura akiulizwa kwa nini amemchagua mgombea fulani, atataja kodi, elimu au afya, na wachambuzi hulipokea jibu hilo haraka mno. Kwamba wanaotaka kodi ipungue walimpigia aliyeahidi kuipunguza si ushahidi tosha. Huenda walimkubali yeye kwanza, kwa chama chake au kwa kumwamini, kisha msimamo wake wakaufanya wao. Wengine humbambikia mgombea wao msimamo asioutamka kamwe.

Kinachosaidia kuyatenganisha haya ni kuwahoji watu wale wale zaidi ya mara moja. Kabla kampeni hazijapamba moto, andika msimamo wa kila mmoja, mgombea anayemwelekea, na kama anajua wagombea wanatofautiana wapi. Baadaye watafute waliokuja kuzijua tofauti hizo kampeni zikiendelea. Wakimhamia mgombea anayelingana na msimamo wao wa awali, sera imefanya kazi. Wakibaki na mgombea wao na kubadili msimamo, ni yeye aliyewavuta.

Marekani, mwaka 2000, mgombea urais George W. Bush alitaka wafanyakazi waruhusiwe kuwekeza sehemu ya michango yao ya pensheni ya taifa katika soko la hisa. Mpinzani wake, Al Gore, akapinga. Mtafiti wa siasa Gabriel Lenz alipochambua mahojiano ya aina hii, alikuta waliojifunza tofauti hiyo waliukumbatia zaidi msimamo wa mgombea waliyekuwa naye tayari. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Geoffrey Cohen alichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma sera ya misaada kwa maskini, ama ya ukarimu ama ya mkono wa birika. Wakiambiwa chama chao kinaiunga mkono, waliikubali hata kama ilipingana na itikadi yao, na bado wakasema walipima maudhui yake. Ndiyo maana dodoso linalouliza tu "kwa nini ulimchagua?" silitegemei.

Lakini kusema sera ni pambo tu la kampeni ni kupita kiasi. Asiye na muda wa kusoma ilani nzima hulitumia jina la chama kama muhtasari wa yale ambacho chama hicho kimesimamia kwa miaka mingi, na huo si upofu. Pia kuna masuala ambayo mtu huwa na msimamo thabiti kabla ya kumjua mgombea, kama vile uavyaji mimba au pensheni kwa anayekaribia kustaafu. Hapo sera ina nafasi kubwa zaidi ya kumhamisha.

Jaribio la mtafiti Leonard Wantchekon nchini Benin, katika uchaguzi wa rais wa 2001, linaonyesha pande zote mbili. Vijiji vingine vilipewa ahadi za manufaa ya eneo lao, vingine ujumbe wa sera za kitaifa. Ahadi za manufaa ya eneo zilivuta kura zaidi, ila wanawake waliupokea ujumbe wa sera vizuri kuliko wanaume.

Kosa jingine ni kuuhesabu ufisadi kama suala la msimamo. Hakuna mgombea anayeutetea hadharani, kwa hiyo mpiga kura hana tofauti ya kupima. Anapima nani ataweza kuupunguza. Wanaoandaa midahalo wangewauliza wagombea huduma ipi itapunguzwa ili ahadi ilipiwe, kwani majibu ya swali hilo hutofautiana, na wangeuliza mapema, kabla watu hawajachagua upande.