Piano Iliyofuliwa kwa Sabuni

Mvua za Novemba zikianza Lubumbashi, piano za chuo zinaugua zote kwa mpigo. Kiangazi kizima ubao wa sauti umekauka na kusinyaa. Sasa unakunywa unyevu, unavimba, nyuzi zinapanda sauti. Sufu iliyovikwa ndani ya matundu ya vibao nayo inavimba: ukibonyeza kibao, hakirudi. Ndiyo maana chuo kinanipa wanafunzi wa kunisaidia.

Kuvuta nyuzi siwaachii. Nyuzi kama 230, zenye mvuto wa tani 18 hivi kwa jumla, si mahali pa kujaribia mkono kabla ya chai ya asubuhi. Wao wanakaza skrubu za viti, wanasoma kipimo cha unyevu, wanafyonza vumbi na kutoa penseli zilizoangukia ndani. (Mara nyingine ni mfupa wa samaki. Mimi siulizi.)

Siku hiyo tulikuwa tunasafisha chini ya vibao vya piano ya wima ya ukumbini. Unatoa ubao wa mbele na kifuniko cha vibao, unafungua skrubu zinazoshika mtambo wa nyundo, watu wawili wanautoa mtambo mzima. Ndipo unanyanyua vibao kimoja kimoja, bila kuvizungusha. Kila kibao kimepigwa namba, 1 hadi 88, kuanzia kushoto. Kijana wa Politekniki, kitivo cha uhandisi, alivipanga sakafuni kama gwaride la tarehe 30 Juni, sikukuu yetu ya uhuru. Nikamsifu, nikaenda kutafuta waya.

Niliporudi, vumbi hakuna. Rondele, vile viduara vya sufu vya chini ya vibao, pia hakuna.

“Rondele ziko wapi?”

“Papa, bilikuwa bichafu sana. Njo nilibifula.”

Kila kibao kinakaa kwenye pini mbili: ya katikati, kinapobembea, na ya mbele, kinapogota. Kila pini imevaa rondele ya sufu, na chini ya sufu kuna vikaratasi vya mviringo, vingine vyembamba kuliko karatasi ya sigara. Kiwandani walivipanga kibao kwa kibao, ili vibao vyote vilingane na kila kimoja kishuke karibu milimita 10. Sasa rondele 176 zilikuwa ukutani juani, za katikati na za mbele zimechanganyika, zinanukia sabuni ya ndimu.

“Na vikaratasi?”

“Bile? Bilikuwa buchafu tu, Papa. Nilibitupa ku pubele.”

Tukarudisha tulichokuwa nacho. Kibao kimoja kilishuka milimita 6, kikagota kabla nyundo haijaachiwa. Jirani yake akashuka 13, kidole kinazama. Sufu iliyofuliwa inavimba, na haivimbi yote sawasawa.

Vikaratasi tulivikata upya. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa milimita 0.1 hivi, jalada la faili ni nene zaidi. Tundu tulitoboa kwa chuma cha fundi viatu wa getini, aliyetudai kodi ya saa nzima ingawa alikuwa amelala. Unasawazisha kwanza vibao vya mwisho wa pande zote mbili, unalaza rula ndefu kati yao, unaongeza au kupunguza kwenye pini za katikati mpaka rula ilale. Za mbele hufuata. Ukianza nazo utazirudia zote.

Karatasi zenyewe zilikuwa mitihani ya zamani ya fizikia. Kijana aliutambua wake: kibao cha 44 kimekalia 6/20 yake mwenyewe, na kinalia vizuri kuliko vyote.

Siku hizi rondele zinalazwa kwenye trei za mayai: trei 3 za mayai 30 kwa pini za katikati, 3 nyingine kwa za mbele. Mashimo 90 kila upande, kwa hiyo 2 yanabaki matupu. Kijana aliifungua piano ya pili, akasafisha, akafunga, akaipiga. Safi.

“Byote biliingia, Papa.”

“Vizuri sana.”

“Kulibakia tu hii,” akaniletea trei. Shimo la 89: rondele mbili na skrubu.