Mdogo wangu hakusubiri ndoa imkuze, kakuzwa na mtoto wa jirani

Kuna sentensi imenichosha na juzi imerudi tena kwenye grupu la wasapu la ukoo wetu, tulikuwa tunapanga michango ya harusi: "Muacheni aoe, akishapata mtoto atakua." Anayesemwa ni mdogo wangu wa kiume, kapita thelathini, dereva boda. Waliosema ni baba wakubwa na mashangazi ninaowaheshimu kwaiyo kule sikujibu. Najibu hapa.

Jamani, tumewaona wangapi wameoa, wamezaa, na wako vilevile? Mtu ana watoto wanne na simu anazima akidaiwa hela ya sare, mtu mtoto anaumwa yeye yuko kijiweni anapigia hesabu mkeka wa kubeti wa usiku. Huko kukua kulikopatikana leba ni wapi? Mtoto anazaliwa aje alelewe, hajaja kumlea baba yake. Ukimzaa kwa kazi ya kumkomaza mtu basi umemwonea kabla hajafungua macho, anafika duniani tayari kabebeshwa mtu mzima mgongoni.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanayasema haya wakati mdogo wangu ameshaanza kukua, mi nimeona kwa macho yangu, na aliyemkuza yupo. Ni mtoto wa miaka tisa ambaye hatuna nae undugu wowote.

Mdogo wangu kapanga chumba Mabibo, zile nyumba za koridoo katikati, vyumba huku na huku, bomba uani na choo cha wote. Chumba cha mwisho anakaa bibi mmoja na mjukuu wake, bibi anauza chai na vitumbua barazani asubuhi, na kwa vile macho yameanza kumsumbua daftari la madeni anaandika mjukuu. Wakati huo mdogo wangu maisha yake yalikuwa boda ya mkataba ambayo hesabu ya tajiri, yani mwenye pikipiki, analaza kila wiki, hela ikiingia inaenda kwenye mikeka, kodi anamalizia mama huko nyumbani kwa kuuza kuku. Na ana maneno matamu huyu mtoto wa mama yangu! Mama mwenye nyumba anakuja anafoka, anaondoka anacheka, na kodi hajapewa. Sisi wote tumeshawahi kuondoka tunacheka.

Yule dogo, mjukuu wa bibi, hakucheka. Alikuja mlangoni na daftari lake, "Shikamoo anko, unadaiwa vitumbua," akaanza kusoma siku moja moja, Jumatatu vinne na chai, Jumanne vitatu. Akaambiwa njoo kesho. Kesho yake saa ileile huyo hapo mlangoni. Sisi watu wazima tukiambiwa kesho tunajua tumeshanyimwa na tunaondoka na heshima zetu, mtoto hajafundishwa hivo, yeye anakuja kesho. Na siku ya tatu. Mwisho mdogo wangu akaona amzugie na drafti, ubao wamechora kwa mkaa kwenye boksi, kete ni vizibo vya soda, wa huku vimeinuliwa wa kule vimeinamishwa. Sasa mdogo wangu ana tabia ya kurudisha kete akishaona kaliwa, kijiweni wanamvumilia maana ni mkubwa na ana kelele. Dogo akakunja mikono. "Anko ukishaachia umecheza." Hakugusa tena ubao mpaka kete ilivyorudi ilipokuwa, na deni la vitumbua akalikumbushia palepale.

Ndo urafiki ulianzia hapo. Kila jioni drafti barazani, bibi pembeni anachambua mchele, wapangaji wanapita. Stori zao sijui zilikuwa za nini, mpira, nyoka, kwa nini konda wa daladala wanawasukuma wanafunzi ili wasiingie na ile nauli yao ndogo (hili nalo ni aibu yetu sote, mtoto anasimama kituoni saa nzima anaangalia milango ikifungwa usoni kwake, na watu wazima ndani ya gari tunaangalia dirishani, nitaliandikia siku yake). Dogo siku moja kauliza kofia ngumu ya abiria iko wapi, kaambiwa haipo, kauliza kwa hiyo abiria akianguka? Trafiki wameuliza hivo miaka yote. Ile wiki ikanunuliwa kofia ya pili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dogo anacheza mpira shuleni, kukawa na mechi Jumamosi na shule ya jirani, akamwambia anko uje. Anko akasema nitakuja, na kwa jinsi alivyo hilo neno lilimtoka kama linavyomtoka kwa kila mtu. Hakwenda. Jumamosi ile alikuwa kibandani anaangalia mpira wa Ulaya. Jioni akarudi akategemea kufokewa, maana kufokewa anakuweza, ana dawa yake. Dogo alimwamkia vizuri tu, "shikamoo anko," akaingia ndani. Na kesho yake akamwamkia akaingia ndani. Ubao wa drafti ukawa umesimama ukutani tu. Akamnunulia soda, dogo kaipokea kwa mikono miwili, kasema asante, kaingia ndani. Wiki ikapita hivo.

Mdogo wangu alinipigia simu. Huyu ambaye mimi ndo huwa namtafuta mpaka nakata tamaa, alinipigia mwenyewe, usiku, akaniuliza dada hivi mtoto unamuombaje msamaha. Nilinyamaza kidogo maana sikuwa nimewahi kusikia swali hilo kwenye familia yetu. Watu wazima wa kwetu hatuombi watoto msamaha, tunanunua pipi. Tunawapiga kwa kosa ambalo hawajafanya, tukigundua tunawaita waje wale nyama, na yameisha. Nilimwambia mwambie ulichofanya kwa jina lake, usiweke lakini. Akaenda akamwambia nilisema nitakuja sikuja, nilikuwa naangalia mpira kibandani, nimekosea. Dogo akafikiria, akamuuliza, "Na Jumamosi nyingine utakuja?"

Na mdogo wangu akasema, ngoja kwanza nikamuulize tajiri kama nitapata nafasi.

Nyie hamumjui huyu mtu, ndo maana hamwezi kuelewa kwa nini mi nilivyosimuliwa hapo nililia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliogopa kutoa ahadi. Kabla ya hapo alikuwa anazigawa tu, kwa mama, kwangu, kwa wasichana wa watu, kwa tajiri. Sasa akasimama akapima kama hilo neno analiweza. Alienda kwa tajiri, kumbe ili kuombea Jumamosi asubuhi inabidi hesabu zilizolala zilipwe kwanza, basi akaanza kuzilipa, kidogo kidogo, kwa ajili ya mechi ya watoto wa shule ya msingi. Alifika uwanjani. Walifungwa.

Nimefikiria sana kwa nini mtoto wa jirani aliweza tulichoshindwa sisi wote, na naomba wazee wangu wanisikilize hapa. Mtoto wako wa kumzaa hana pa kwenda. Ukimdanganya atakuamkia asubuhi, ukilewa atakuvua viatu, adabu tuliyomfundisha inamlazimisha akuheshimu hata ukiwa wa hovyo, na ukoo mzima uko nyuma yako kumkumbusha kwamba baba ni baba. Kwaiyo mtu asiyekua anaweza kuzaa watoto sita na asikutane hata siku moja na matokeo ya tabia zake. Mtoto wa mwenzio hakudai kitu wala hakuogopi kwa lolote, humlishi, humsomeshi, huwezi kumchapa, huwezi kumpa radhi. Akiamua kuingia ndani kwao ameingia, hakuna kikao cha ukoo kitakachomtoa arudi kwenye drafti. Unabaki na kitu kimoja tu cha kumshikia, neno lako. Kama neno lako halina thamani, urafiki umekufa, na huna wa kumlaumu. Mtu mzima mwenzio angekuvumilia kwa sababu nae ana mambo yake anayotaka kwako. Mtoto anataka uje kwenye mechi.

Na hili si jipya, wazee wenyewe ndo walikuwa nalo. Kwa Wazaramo, Wakwere, Waluguru, ukoo wa kuumeni haukuwa kila kitu, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, yani kijana ambaye hajazaa bado alikuwa na watoto wanaomtazama na anawajibika kwao. Na babu na mjukuu wanataniana makabila mengi tu ya Tanzania mpaka leo, mtoto anamwambia babu yake ukweli ambao hakuna mwingine anathubutu. Kulikuwa na nafasi ya mtoto kumsema mkubwa na mkubwa akasikia. Leo tumebakiza baba na mama na geti, na Dar yenyewe ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, tumebanana ukuta kwa ukuta na mtoto wa mpangaji mwenzio hujui anasoma darasa la ngapi.

Najua mnachotaka kuniambia. Mtu mzima na mtoto asiye wake, siku hizi? Na mimi nakubali, kwa shingo upande lakini nakubali, maana nimesikia mambo kwenye mitaa yetu ambayo siwezi kuyaandika, na waliofanya walikuwa anko wa mtaani wenye pipi. Kwaiyo sisemi kila mwanaume atafute mtoto wa kucheza nae. Nasema huu urafiki ulikuwa barazani, mchana, bibi yupo, wapangaji wanapita, dogo hakuwahi kuingia chumbani kwa anko na anko hakuwahi kumwambia hii ni siri yetu. Ukiona urafiki unaotaka mlango ufungwe, hapo usisubiri ushahidi wa kutosha, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakupa wajibu wewe mwanajamii kutoa taarifa serikali za mitaa, na simu 116 ipo kwa ajili ya watoto. Lakini tusifike mahali kila mtu mzima anayemsikiliza mtoto anaonekana mhalifu, maana hapo watoto watabaki na nani?

Nae dogo kapata nini, kuna mtu kaniuliza, na ni swali la haki kuliko yote. Asigeuzwe dawa ya mtu. Mdogo wangu hamtumi dukani, hilo nilimkataza mapema, wala hamwelezi madeni yake na mapenzi yake. Dogo kapata mtu wa kucheza nae baada ya kazi za daftari, na mtoto anayetunza madeni ya familia akiwa na miaka tisa anahitaji sana kucheza, ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inasema ni haki yake kabisa na nchi yetu iliuridhia mwaka 1991. Na kapata mtu mzima aliyemwomba msamaha. Mi mpaka leo sijaupata huo kwa wakubwa zangu.

Mikeka bado anacheza, siwadanganyi, ila kodi mama hajalipa tena. Na mwezi uliopita shuleni kukawa na kikao cha wazazi, bibi miguu haimruhusu, akamtuma yeye. Akaniomba nimtafutie shati lenye kola. Kikaoni wameulizana we ni nani wa mtoto, kasema jirani, wamemwangalia weeh halafu wakamwacha akae. Nikajua atakaa nyuma atoroke mapema. Kumbe kaenda kuhesabu vyoo. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa tangu miaka ya 2000 mwanzoni, sawa, lakini mwongozo wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wavulana 25 na moja kwa wasichana 20, na yeye kasimama mbele ya watu kauliza mbona hapa foleni ya watoto inazunguka jengo. Mwenyekiti wa kamati kamwambia litafanyiwa kazi, na yeye kauliza lini. Kanipigia njiani kwa hasira kwelikweli, tarehe hawajampa, na kikao kijacho anaenda tena, ameshamuaga tajiri.