Redio ya dharura inayosubiri tangazo kutoka Marekani

Jumamosi iliyopita nimepigwa shilingi 85,000 mchana kweupe, na aliyenipiga alikuwa ananiita mama kwa heshima zote.

Duka silitaji. Lipo njiani kwangu kila siku nikienda kupanda daladala, na sina mpango wa kuanza kuzunguka. Kijana wa pale aliishika ile redio kama anashika mtoto mchanga. "Mama, hii ndiyo ya dharura yenyewe. Ina sola, ina mkono wa kuzungusha, ina tochi, ina king'ora, inachaji simu. Halafu hapa," akabonyeza kitufe kilichoandikwa WB, "hapa inakupa hali ya hewa." Basi, nikafungua pochi. Mvua ziko karibu na mama yangu anaishi Gulwe, kule Mpwapwa kwenye mafuriko. Wenye ndugu Gulwe hawahitaji kuelezwa zaidi.

Nimefika nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, nikabonyeza WB. Shhhhhh. Nikabadilisha chaneli, shhhhh, mpaka ya saba, zote zinakoroma. Nikatoka nayo uani, nikapanda kwenye kigoda, nikavuta antena mpaka mwisho, jirani ananiangalia. Ni mwanangu wa kidato cha tatu aliyechukua kijitabu kilichokuja na boksi akasoma: masafa hayo, megahezi 162 na pointi zake, ni ya vituo vya hali ya hewa vya NOAA, idara ya hali ya hewa ya Marekani. Wakanada nao wanayo. "Mama, hapa utasubiri sana."

Kwa hiyo kimbunga kikielekea Florida, redio yangu iko tayari. Maji yakiingia sebuleni Nkuhungu, nitajua kwa miguu.

Sasa sikilizeni, maana najua kuna wengine mnaangalia matangazo ya hizo redio kwenye simu usiku huu. Redio ya dharura kwa mtu wa Dodoma ni ile inayoshika stesheni inayozungumza habari za hapa, na inayotumia betri ambayo mangi wa kijijini anauza. Mengine yote ni mapambo. Memori kadi, blututhi, taa za disko zinazocheza maji yakiwa magotini, sina hata hamu ya kuzijadili.

Angalizo la mvua kubwa linatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, linasomwa TBC na kwenye redio zetu za huku. Hiyo inataka FM, na masafa ya kati, yale ya AM, yakiwepo ni vizuri zaidi, kwa sababu FM ikikutana na mlima mara nyingi inaishia hapo hapo. Kinachoshika safi mjini si lazima kishike Mpwapwa. Usiijaribie redio dukani katikati ya mji. Kaijaribie pale itakapokaa.

Lakini kilichoniudhi hasa ni betri. Ile yangu ina betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, imeandikwa 2000 mAh kwa herufi kubwa. Paneli yake ya sola ni ndogo, nusu wati. Piga hesabu: betri kama hiyo, ya volti 3.7, inabeba karibu wati-saa 7.4, kwa hiyo unahitaji saa kama 15 za jua la utosi, na hapo hakuna hata chembe iliyopotea njiani. Jua la Dodoma tunalo, sikatai, tunaweza hata kuuza nje. Ila siku utakayoihitaji hiyo redio ni siku ambayo mbingu imefunga tangu juzi. Kuna mkono wa kuzungusha, eti. Mama alipouona alipokuja mjini aliniuliza, "Mwanangu, hii ni redio au mashine ya kusaga?" Ana miaka 71 na bega bovu. Unazungusha dakika nzima, unapata dakika chache za sauti ya chini. Kufikia taarifa ya habari iishe, mtu anahitaji kuchuliwa. Na betri hizo ukiziacha zimeisha kabatini kiangazi kizima, mara nyingi zinakufa, na ikifa iliyofungiwa ndani unakwenda kwa fundi kuchomelewa. Fundi yuko wapi usiku wa mafuriko?

Baba alikuwa na redio ya betri nne kubwa. Redio ilikuwa ya kwake, ila betri zilikuwa kazi ya ukoo mzima. Zikianza kuchoka tunazianika juu ya bati, jioni zinarudishwa, na tunasikiliza taarifa ya saa mbili bila mtu kukohoa. Zikigoma kabisa natumwa dukani na hela kwenye ngumi. Dakika kumi, redio inaongea. Hakuna sola, hakuna kuzungusha. Hata leo betri kavu ziko pale pale, kati ya sabuni na viberiti. Ubaya wake ni mmoja: ukizisahau ndani zinavuja na springi zinaota kutu. Zitoe, zifunge pembeni.

Najua mtakachosema. Simu si ipo? Ipo. Gridi ya taifa ilipozimika Jumatatu ya Pasaka 2024, mlikuwa mnahesabu asilimia za chaji kama akiba ya benki. Minara nayo inakula umeme.

Na kwa shingo upande nakubali jambo moja kuhusu kile kitufe cha WB. Kule kwao, redio yenye huduma hiyo inaweza kukaa kimya usiku kucha, na tahadhari ikitolewa inapiga kelele yenyewe mpaka mtu anaamka. Nimelifikiria hilo wiki nzima. Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka mlima Hanang kuingia mji wa Katesh, Manyara, ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Redio iliyozimwa haimwamshi mtu, hata ingekuwa na betri za mwezi mzima. Na Gulwe tunajua maji yanavyokuja: mvua inanyesha milimani huko, wewe kwako nyota zinawaka, korongo linashuka. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, seuze nyumba ya tope. Kitufe kama hicho, cha kwetu, chenye Kiswahili, ningekilipia hizo 85,000 na nauli ya kukipeleka.

Hakipo. Kwa hiyo nimenunua nyingine, shilingi 28,000, FM na masafa ya kati, betri tatu kubwa, rangi mbaya. Nimeituma na basi pamoja na betri sita za akiba ndani ya ndoo ya mfuniko. Ile ya Marekani mwanangu ameichukua, anasema tochi yake ni kali, na kweli ni kali.

Mama amepiga juzi. Redio inashika, tena vizuri. Ila betri tatu za akiba amezitia kwenye tochi, kwa sababu fisi wamekuwa wakizunguka zizi la mbuzi. Kesho natuma nyingine.