Galaksi ndogo nyekundu: hazikuwepo au hazikuonekana?

Kaa ufukweni usiku wa giza uhesabu karabai za wavuvi wa dagaa. Za karibu utaziona zote, kali na hafifu. Za mbali utaona kali tu. Mtu akikwambia kule mbali hakuna taa hafifu, utamwamini?

Hapo ndipo wanaastronomia wanapovutana kuhusu makundi ya galaksi, kila galaksi ikiwa mkusanyiko mkubwa wa nyota. Mwaka 1976 Paul Schechter alitoa fomula ambayo bado inatumika: galaksi zenye mwanga mkali ni chache, na ukipita kiwango fulani idadi yake inaporomoka, zilizo hafifu ni tele. Swali ni kama mgawanyo huo umebadilika kadiri ulimwengu ulivyozeeka. Kwa galaksi kubwa ubishi ni mdogo. Miaka bilioni 7 iliyopita nyingi zilikuwa zimeshakuwa nyekundu, yaani zimeacha kuzaa nyota, na tangu hapo zimekuwa zikififia taratibu.

Vita iko kwa ndogo. Mwaka 2004, na tena 2007, Gabriella De Lucia na wenzake walitumia darubini ya VLT iliyoko Chile kutazama makundi ya enzi hizo (mwanga huchukua muda kufika, hivyo kutazama mbali ni kutazama zamani), wakayalinganisha na kundi la Coma, lililo umbali wa miaka nuru milioni 320 hivi. Wakakuta kwenye makundi ya zamani nyekundu hafifu ni pungufu. Mwaka 2008 Stefano Andreon akahesabu katika makundi 28, mengine ya mbali zaidi, asione upungufu wowote.

Upande wa Andreon una uzito, maana huenda pengo hilo ni la macho tu. Kwa umbali huo, mng'aro wa uso wa galaksi, yaani mwanga wa kila kipande chake cha anga tunachokiona, hufifishwa zaidi ya mara 10 na kutanuka kwa ulimwengu peke yake. Halafu kuna mashua zisizo za kundi lako: galaksi zilizo mbele na nyuma, ambazo lazima uzikisie na kuzitoa kwenye hesabu. Ukikosea kidogo tu katika kutoa, ndogo ndizo zinazoumia, maana ndiko galaksi za kupita njia zilikojaa.

Hata hivyo mimi naegemea kwa De Lucia, na sababu yangu haitegemei kuona mbali. Nyota za galaksi ndogo nyekundu za Coma, zilizo hapa karibu, kwa wastani ni changa kuliko za galaksi kubwa. Basi nyingi zilichelewa kuwa nyekundu. Na tangu 1978 Butcher na Oemler walishaonyesha kwamba makundi ya mbali yana galaksi za bluu, yaani zinazozaa nyota bado, nyingi kuliko ya karibu. Galaksi ya bluu ikinyang'anywa gesi yake na gesi ya moto iliyojaa ndani ya kundi, haizai tena nyota. Inafifia, inageuka nyekundu, na kuangukia palepale penye pengo. Nisichokubali bado ni ukubwa wa pengo lenyewe: sehemu yake, na pengine si ndogo, ni karabai zilizokuwa zinawaka tusizione.