Kikazakhi cha saa nane usiku

Januari 2024 serikali ya Kazakhstan ilimpiga marufuku Tina Kandelaki kuingia nchini. Huyu ni mtangazaji anayejulikana na kila anayetazama televisheni ya Kirusi, na wakati huo alikuwa mmoja wa viongozi wa kampuni ya Gazprom-Media ya Urusi. Alikuwa amedai hadharani kwamba Kirusi kinasukumwa nje ya Kazakhstan. Juni 19 mwaka huohuo Rais Kassym-Jomart Tokayev akatia saini sheria mpya ya vyombo vya habari. Kwa sheria hiyo vipindi vya Kikazakhi kwenye televisheni na redio vinapanda kutoka asilimia 50 hadi 55 kuanzia Januari 2025, na kufika 60 mwaka 2027. Ukomo wa vipindi vya vituo vya nje vinavyorushwa tena na vituo vya ndani umeshushwa kutoka asilimia 20 hadi 10.

Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja ni rahisi kusema kwamba Wakazakhi wameamua kuwakomoa Warusi, na wengi walio mbali wameisoma habari hii hivyohivyo. Nadhani wameanza kuisoma kwenye ukurasa wa mwisho.

Televisheni iliingia Alma-Ata, mji mkuu wa wakati ule ambao leo unaitwa Almaty, Machi 8, 1958. Mwaka uliofuata sensa ya Kisovieti iliwakuta Wakazakhi wakiwa asilimia 30 tu ya watu wa jamhuri iliyobeba jina lao. Njaa ya miaka ya mwanzo ya 1930, iliyotokana na kuwanyang'anya wafugaji mifugo na kuwalazimisha kwenye mashamba ya pamoja, ilikuwa imeua zaidi ya watu milioni moja. Kisha, kuanzia 1954, walowezi wakamiminika kwenda kulima nyika za kaskazini. Kwa hiyo televisheni ilizaliwa katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wachache kwao wenyewe. Mjini, shule za Kikazakhi zilihesabika kwa vidole. Mnara wa Kok-Tobe, wenye urefu wa zaidi ya mita 370, ulipokamilika mwaka 1983 juu ya kilima kinachoutazama mji, ulirusha mawimbi yake juu ya sebule ambazo lugha ya heshima, ya shule na ya kazi ilikuwa Kirusi. Hakuna aliyekiita kile kilichokuwa kikitokea ubaguzi wa lugha. Kiliitwa maendeleo.

Sensa ya 2021 ina takwimu mbili ambazo huwa nazirudia kila mjadala huu unapozuka. Takriban asilimia 80 ya watu walisema wanakijua Kikazakhi. Waliosema wanakitumia katika maisha ya kila siku walikuwa kama asilimia 49. Ziangalie vizuri. Tofauti yake ni karibu theluthi ya taifa zima: watu walio na lugha lakini hawaitumii. Wala wengi wao si Warusi, kwa sababu Warusi kwenye sensa hiyo walikuwa asilimia 15 na ushee tu. Sehemu kubwa ni Wakazakhi wa mjini, wale ambao wenzao huwaita shala, yaani nusu, Wakazakhi ambao hawajaiva. Bibi anaongea Kikazakhi, mjukuu anaelewa kila neno, kisha anajibu kwa Kirusi. Hakuna aliyemkataza kujibu kwa Kikazakhi. Ila kila alichokipenda tangu utotoni, katuni, mpira, vichekesho, tamthilia ya jioni, kilimjia kwa Kirusi, na ulimi ukafuata macho.

Pengo hilo kati ya 80 na 49 ndilo linalonifanya niione sheria hii kwa jicho tofauti. Kama tatizo lingekuwa watu hawaijui lugha, dawa ingekuwa shule. Lakini watu wanaijua! Wanachokosa ni mahali pa kuitumia bila kuonekana washamba, na katika nchi ya kilomita za mraba milioni 2.7 yenye watu milioni 20 tu, televisheni ndiyo sebule pekee iliyowafikia karibu wote. Mwaka 2011 serikali ilianzisha huduma ya televisheni ya satelaiti na kuipa jina Otau, neno linalomaanisha hema jipya wanalojengewa maharusi. Jina hilo naliona limechaguliwa kwa moyo. Mfugaji wa nyikani alifunga dishi na king'amuzi, akawa amepata mlango.

Sasa turudi kwenye asilimia, maana hapa ndipo wanaoilaumu sheria wanapoteleza. Wanazungumza kana kwamba masharti haya yameanza juzi. Sheria ya lugha ya 1997 ilikwisha kusema kwamba muda wa vipindi vya Kikazakhi usipungue jumla ya muda wa vipindi vya lugha nyingine zote. Nusu kwa nusu. Kwenye karatasi, ugomvi ulikuwa umekwisha miaka zaidi ya 25 iliyopita.

Lakini sheria ile haikusema saa ngapi.

Vituo vikapiga hesabu zao. Jioni, familia ikiwa imekaa na chai ya maziwa, wakaweka Kirusi, kwa sababu matangazo ya biashara yanalipa vizuri saa hizo. Kikazakhi kikasogezwa usiku. Saa nane usiku, saa tisa usiku, saa kumi alfajiri, vipindi vya Kikazakhi vikaenda hewani mbele ya viti vitupu, na mwisho wa wiki hesabu ikafika asilimia 50 bila kupungua hata nukta. Mkaguzi akipita na daftari lake anakuta kila kitu sawa. Mtoto aliyelala saa tatu hakusikia kitu. Huu ndio utaratibu ulioendelea kwa miaka 15, na ndio ulioifanya "nusu kwa nusu" ya 1997 iwe nusu ya mchana kwa mmoja na nusu ya usiku kwa mwingine.

Sheria ya utangazaji ya 2012 ndiyo iliyoziba tundu hilo. Iliigawa siku mafungu manne ya saa sita sita, kuanzia saa sita usiku, ikataka Kikazakhi kisipungue nusu ndani ya kila fungu. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunauelewa mgawanyo huu bila maelezo: saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili hadi saa sita mchana, sita mchana hadi kumi na mbili jioni, kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Kwangu, mstari huo mmoja una uzito kuliko kupanda kutoka 50 hadi 60. Hata hivyo fungu la jioni nalo lina pembe zake. Kituo kinaweza kujaza Kikazakhi saa kumi na mbili na tena kuanzia saa nne usiku, kikaacha katikati, saa mbili hadi saa nne, kwa lugha inayoleta matangazo. Anayetaka kujua Kikazakhi kimefika wapi awashe televisheni saa mbili usiku aangalie.

Upande wa pili una hoja za kweli, na moja inaniumiza kichwa.

Kuna watu ambao Kirusi si lugha ya mkoloni kwao. Ndiyo lugha pekee waliyobaki nayo. Wakorea waliohamishwa kwa nguvu kutoka mashariki ya mbali mwaka 1937, na Wajerumani wa Volga waliofuata 1941, walitupwa kwenye nyika hizi bila kuulizwa. Wajukuu zao wengi wamepoteza lugha za mababu, Kikazakhi hawakufundishwa, wakashika Kirusi. Kwao kila asilimia inayopanda ni dirisha linalopungua. Tena kumbukumbu ya miaka ya 1990 haijafutika: kati ya sensa ya 1989 na ile ya 1999 Warusi walishuka kutoka zaidi ya milioni 6 hadi chini ya milioni 4.5, wengi wakiwa wamefungasha na kuondoka. Mwaka 2021, vikundi vya vijana vilipoanza kuzunguka madukani na kamera, vikiwabana wauzaji kwa nini hawahudumii kwa Kikazakhi, hofu ile iliamka upya, na mimi siwezi kumwambia mwenye duka kwamba hofu yake ni ya kubuni. Katiba ya 1995 yenyewe, kifungu cha 7, ilisema Kirusi kinatumika rasmi sambamba na Kikazakhi katika ofisi za serikali. Ni sawa watu hawa wakiishika katiba hiyo mkononi.

Wapo pia wenye vituo wanaosema sheria haiwezi kumlazimisha mtu kutazama. Hili ni kweli kiasi. Ukimnyima kijana kipindi anachokitaka, anahamia YouTube, na huko hakuna fungu la saa sita. Lakini wanaosema hivi husahau kutazama kilichotokea pale Kikazakhi kilipopewa saa nzuri na fedha ya kutosha. Septemba 2010 ilianzishwa Balapan, chaneli ya watoto kwa Kikazakhi; jina lake ni kinda la ndege. Mwaka uliofuata filamu ya katuni ya Disney na Pixar kuhusu magari ya mashindano ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema kwa sauti za Kikazakhi, ya kwanza ya aina yake. Mwaka 2014 ikaja Gakku, chaneli ya muziki wa Kikazakhi, na mwaka mmoja baadaye kundi la Ninety One likatokea: vijana wenye hereni na nywele za rangi, wakiimba Kikazakhi kwa mtindo wa Kikorea. Mwaka 2016 baadhi ya maonyesho yao yalivunjwa na wahafidhina waliochukizwa na hereni hizo. Hebu fikiria kilichobadilika: ugomvi ulikuwa juu ya mavazi. Kwamba kijana wa kisasa anaimba Kikazakhi halikuwa tena jambo la kushangaza.

Kazi ya kuingiza sauti inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha lugha ikitafuta pumzi mpya. Kikazakhi hubandika viambishi mwishoni kama sisi tunavyobandika mwanzoni. Sisi tunasema "sikuja", neno moja. Wao wanasema kelmedim, neno moja: kel ni kuja, me ni kukanusha, di ni wakati uliopita, m ni mimi. Mrusi anahitaji maneno matatu. Isitoshe kitenzi cha Kikazakhi hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo mhusika wa Marekani aliyekwisha kufungua mdomo na kulipua habari mwanzoni, mwenzake wa Kikazakhi bado anaisubiri. Mfasiri lazima aivunje sentensi, aipange upya, ahakikishe mdomo unafunga pale panapofunga. Waliozoea tamthilia za Kituruki zinazozungumza Kiswahili jioni wanajua tofauti ya sauti iliyobandikwa na sauti iliyokaa. Lugha iliyofanyiwa kazi hii kwa miaka mingi hupata maneno ya kutania, ya kutongoza na ya kugombana, yale ambayo kitabu cha shule hakina.

Hoja inayoniumiza kichwa ni ya fedha. Sehemu kubwa ya vipindi vya Kikazakhi inalipwa na serikali kupitia kile kinachoitwa agizo la serikali, na wanaolipwa si vituo vya umma tu, binafsi pia wamo. Anayelipa hana haja ya kutuma askari. Mhariri anajua mwenyewe nini asikiguse. Septemba 1, 2011, chaneli ya taifa Qazaqstan ilianza kutangaza kwa Kikazakhi peke yake. Siku hiyo wafanyakazi wa mafuta wa Zhanaozen, mji wa magharibi ambako Kikazakhi ndiyo lugha ya mtaani, walikuwa wamegoma kwa miezi kadhaa. Desemba 16 polisi waliwafyatulia risasi na kuua watu wasiopungua 14. Waliofuatilia mgomo ule kwa ukaribu ni vituo vidogo kama K+, na Desemba 2012 mahakama ya Almaty ikaipiga marufuku K+ pamoja na vyombo vingine kwa jina la kupambana na itikadi kali. Lugha ilikuwa imepata chaneli nzima, lakini wenye lugha hiyo walikosa hata dakika chache za kusema kilichowapata. Januari 2022, machafuko yalipolipuka tena, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa na ofisi za vituo vya televisheni Almaty zikavamiwa.

Kwa hiyo anayesema asilimia 60 itaipa serikali asilimia 60 ya sauti yake mwenyewe, hasemi upuuzi. Namkubalia ugonjwa, namkatalia dawa. Kirusi nacho kwenye televisheni ya Kazakhstan kinalipwa na agizo hilohilo na kinanyamaza palepale, kwa hiyo kukipunguza Kikazakhi hakumfungui mtu mdomo. Ambacho ningependa kuona ni mgao wa fedha hizo ukiondolewa mikononi mwa wizara, huku mafungu ya saa yakibaki.

Tena Kikazakhi kina utamaduni wa kusema ukweli mbele ya wakubwa, na ulikuwepo kabla ya televisheni. Tangu miaka ya 1980 aitys imerudi kwa nguvu jukwaani na kwenye skrini: malenga wawili wanakaa, kila mmoja na dombra yake ya nyuzi mbili, wanajibizana kwa mashairi wanayoyatunga papo hapo, na atakayekwama ameshindwa. Mstari wa mbele wanakaa maofisa waliovaa suti. Malenga anaanza kwa kusifu wenyeji, anampiga kijembe mpinzani, kisha anageuza beti kwenye barabara mbovu, ardhi iliyouzwa, rushwa ya mkoani, ukumbi mzima unapiga makofi na ofisa analazimika kutabasamu. Saa mbili usiku, mwaka 2027, ningependa kumwona huyo.