Kabla hujaniuliza kadi ya picha, nioneshe pawa saplai

Kila wiki swali ni lilelile: "Kaka, nina milioni mbili, nataka mashine ya gemu na ya kurusha mubashara, nichukue kadi gani?" Kuhusu pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, haulizi mtu. Leo naandika kwa uchungu, kwa sababu Jumamosi kijana mmoja wa mtaani kwetu alipakia mashine yake kwenye bodaboda, akaja kuiweka mezani kwangu na kusema, "Kaka, umeme ulikatika usiku. Uliporudi haijawaka tena."

Nikafungua kasha. Mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha kila kitu, imekufa. Kadi ya picha, RTX 3060 aliyoidunduliza kwa zaidi ya mwaka, nikaihamishia kwenye mashine yangu, haitoi picha. Pawa saplai imebandikwa 600W kwa herufi kubwa za dhahabu. Nikaigeuza nisome lebo ya ubavuni, ile ndogo ambayo dukani huoneshwi mpaka uidai. Mstari wa +12V, yaani njia ya umeme wa volti 12, unasema 16A.

Zidisha mwenyewe. Volti 12 mara ampea 16 ni wati 192, na prosesa na kadi ya picha zote zinakula kwenye mstari huohuo. RTX 3060 peke yake inakula hadi wati 170. Prosesa iliyokuwa humo, Core i5-12400F, ikikazwa inafika 117. Hiyo ni 287 kabla hujahesabu feni, diski na taa. Maana yake kila alipofungua gemu na kuanza kurusha, kile kiboksi kilibebeshwa mzigo usio wake. Na zile wati nyingine za kufikia 600? Baadhi zimegawiwa mistari ya volti 5 na 3.3, ambayo mashine za siku hizi haziitegemei sana, na zinazobaki ni wino tu kwenye kibandiko.

Hili linaniudhi kuliko kitu kingine chochote kwenye biashara hii. Kijana hakuwa mzembe. Aliuliza, akaambiwa "hii ni wati mia sita, inatosha na kubaki", akaamini kama ambavyo yeyote angeamini. Muuzaji alijua anapeleka nini nyumbani kwa mtu.

Pawa saplai nzuri haikuongezei hata fremu moja kwenye gemu, ndiyo maana watu wanaibania. Lakini ndiyo inayopokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa 12 zilizotulia, tena katika nchi ambayo umeme unashuka jioni taa zikafifia, unakatika, halafu unarudi kwa kishindo wakati friji na viyoyozi vya mtaa mzima vinaamka kwa pamoja. Iliyo bora ina sakiti za kujizima volti zikizidi, mzigo ukizidi au waya zikigusana. Ikishindwa, inakufa peke yake na kuacha vingine vizima. Ile ya bei poa sakiti hizo mara nyingi hazimo, kwa hiyo inapoungua inaondoka na mazabodi, kadi, pengine na diski yenye kazi zako zote.

Kwa hiyo ukifika dukani, omba uishike mkononi. Iliyojaa vitu ndani ina uzito, na waya zake ni nene. Soma ampea za +12V, uzidishe kwa 12. Kwa mashine kama ya yule kijana mimi siingii chini ya wati 500 za kweli kwenye mstari huo. Ukiona swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230 nyuma yake, irudishe, huo ni usanifu wa zamani. Nembo ya 80 Plus inasaidia, ila ielewe: inapima umeme kiasi gani unapotea njiani, haikuhakikishii kila kilichomo. Na kama bajeti ni milioni mbili, tenga angalau laki mbili kwa ajili yake, hata kama kadi itashuka daraja moja. Kadi utaibadilisha mwakani.

UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, nayo ni sehemu ya mashine. Usiihesabu kama nyongeza ya siku utakayopata hela. Angalia wati zake, siyo VA, kipimo kingine cha uwezo wake, kwa sababu VA mara nyingi ni namba kubwa zaidi na ndiyo inayoandikwa kwenye boksi. Haihitaji kukupa saa nzima. Dakika tano za kumaliza matangazo na kuzima kwa heshima zinatosha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kadi ya picha ndiyo inayoamua gemu litaonekanaje, na kwamba taa za rangi hazijawahi kuunguza kitu. Lakini hata kwenye kadi watu wanachagua kwa masikio. Chukua GTX 1650, inayopendwa sana na wanaonunua zile kompyuta za Dell OptiPlex zilizotumika maofisini. Inapendwa kwa sababu ya maana: inakula wati 75 tu na nyingi hazihitaji waya wa ziada, wakati OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290 na plagi yake ya mazabodi ni ya pini 8, siyo 24 za kawaida, kwa hiyo huwezi kuchomeka nyingine bila adapta. Sawa. Ila kama unataka kurusha, ujue kwamba 1650 ya kwanza ilipewa NVENC, sehemu ya kadi inayobana video ya kurusha, ya kizazi cha nyuma, wakati 1650 Super ilipata ile mpya, yenye picha safi zaidi kwa bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) ileile. Super nayo inataka wati 100 na waya wa pini 6. Umeona? Tumezunguka kote, tumerudi kwenye pawa saplai.

Herufi F kwenye prosesa za Intel nayo iangalie. 12400F haina kadi ya picha ya ndani, kwa hiyo haina Quick Sync, kibana video cha Intel, ya kukusaidia kurusha, na siku kadi ikifa huna hata pa kuchomeka skrini. Yule kijana angekuwa na 12400 ya kawaida, akapata mazabodi nyingine, leo angekuwa anafanya kazi zake wakati anatafuta kadi.

Ramu chukua vijiti viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha 16. Kasha liwe na matundu mbele. Kioo kitupu kwa joto la Dar na vumbi letu ni kuipika mashine. Maikrofoni nzuri ije kabla ya kamera, maana mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini sauti mbovu anaondoka.

Na kabla ya yote hayo piga hesabu ya intaneti. Bitireti ya kilobiti 6000 kwa sekunde, ambayo wengi hutumia kwa picha ya 1080p, inakula takribani GB 2.7 kwa saa. Ukirusha saa tatu kila jioni, bando la simu haliwezi kukuweka hewani mwezi mzima. Kama faiba haijafika kwenu, shusha ubora wa picha hadi 720p, na hiyo hela ya kadi kubwa ipeleke kwenye UPS.

Kwa wauzaji, tena nawasihi kama ndugu: mnapopiga picha pawa saplai kwa ajili ya tangazo, geuzeni upande wa lebo. Andikeni ampea za +12V pembeni ya bei. Mteja akiomba kusoma kabla ya kulipa, msimwambie anachelewesha wenzake. Yule kijana ameiacha mashine kwangu. Prosesa na ramu vimepona, diski pia. Nimempigia leo nikamwambia tutaanza upya, na kitu cha kwanza tutakachonunua tutakichagua pamoja, lebo ikiwa mbele ya macho yetu.