Tathmini ya elimu maalumu: tusubiri mtoto ajue Kiingereza, au tuandike barua sasa?

Familia nyingi za Kikongo zilizohamia Marekani kutoka makazi ya wakimbizi ya Nyarugusu (Tanzania) na Nakivale (Uganda) hukutana na jibu moja shuleni. Mtoto yuko mwaka wa pili, hasomi sentensi, na mwalimu anasema: "Mpeni muda, Kiingereza bado." Je, mzazi asubiri, au aombe tathmini ya elimu maalumu?

Wanaoshauri kusubiri wana hoja nzito. Sheria ya nchi ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inakataza mtoto kuhesabiwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza au kutofundishwa vizuri kusoma na hesabu. Nyarugusu watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na wapo waliokaa miaka bila darasa. Tena vipimo vilivyosanifiwa kwa watoto wanaozungumza Kiswahili ni haba. Mkalimani akitafsiri kipimo cha Kiingereza neno kwa neno, alama zinazotoka hazina maana, na mtoto anaweza kuwekwa pasipo mahali pake.

Lakini sheria hiyohiyo haisemi mtoto ajue Kiingereza kwanza ndipo apimwe. Inataka apimwe kwa lugha itakayoonyesha kweli anachojua, kama inawezekana. Na swali linalotenganisha mambo mawili haya mzazi analo nyumbani: Kiswahili chake kikoje? Kama hata kwa Kiswahili au Kibembe hawezi kusimulia alichofanya jana, anasahau maagizo ya hatua mbili, na wadogo zake wamempita, basi kumlaumu Kiingereza ni kumpotezea mtoto miaka.

Kwa hiyo naona barua iandikwe sasa, na lugha idaiwe ndani yake. Ombi la mdomo hupotea. Weka tarehe, jina la mtoto, siku ya kuzaliwa na darasa, kisha sentensi iliyo wazi: naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu. Ongeza mifano miwili au mitatu ya unayoyaona, na uombe mkalimani wa Kiswahili (asiwe dada yake wala binamu). Taja pia yasiyojulikana shuleni: alichelewa kusema, alipata degedege, malaria ilimpanda kichwani, masikio yalitoka usaha. Mpe mwalimu mkuu nakala moja, ofisi ya elimu maalumu ya wilaya ya shule nakala nyingine, na ya tatu ibaki kwako.

Hapa ndipo wengi hukwama. Barua haianzishi hesabu ya siku za kupima. Kwa sheria ya nchi ni siku 60 tangu shule ipokee ridhaa yako iliyosainiwa, ila majimbo mengine yana muda wao. Texas, kwa mfano, kwa kawaida huhesabu siku 45 za shule. Fomu ya ridhaa ikilala kwenye begi la mtoto, hakuna kinachoendelea. Shule ikisema lazima kwanza amalize programu ya usaidizi darasani, jua kwamba Wizara ya Elimu ya Marekani iliziandikia idara za majimbo mwaka 2011 kuwa programu hizo zisitumike kuchelewesha au kunyima tathmini.

Hofu ya mtoto kubandikwa jina ni ya kweli, nami siidharau. Ila kukubali apimwe si kukubali awekwe kwenye elimu maalumu: huduma zenyewe zinahitaji ridhaa ya pili, na mzazi anaweza kuikataa.

Shule ikigoma kumpima, dai sababu kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa. Ndiyo karatasi utakayopeleka ukilalamika idara ya elimu ya jimbo. Ikimpima, nawe ukaona kipimo kilifanywa kwa Kiingereza kitupu, unaweza kuomba tathmini huru, yaani ya mtaalamu asiyeajiriwa na wilaya, kwa gharama ya umma. Hapo wilaya ina njia mbili tu: kuilipia, au kuomba kesi isikilizwe ili ithibitishe kuwa tathmini yake ilifaa.